Arobaini na Sita na Kidogo

Mizani ikipima kilo 46.7 za majani mabichi, na kisanduku kwenye skrini ya karani kikaonyesha 46, je, kuna mtu aliyesema uongo? Na kama yupo, ni nani? Mizani haikudanganya. Hifadhidata imeshika 46.7 kama ilivyoletewa. Karani amesoma kwa sauti kile anachokiona. Mama aliyebeba gunia ameitikia. Ukiwapandisha kizimbani mmoja mmoja, kila mtu atatoka safi, na bado zile gramu 700 hatujui zimelala wapi.

Katika nchi ya chai, toka Kericho mjini kupitia Litein na Kapkatet mpaka Sotik na Bomet, hesabu ya maisha ya mkulima huanzia kituoni, pale chini ya paa la mabati ambapo magunia hupangwa kungoja lori la kiwanda. Kutoka hapo kila kitu ni namba: malipo ya mwezi, mkopo wa mbolea unaokatwa, bonasi ambayo mtoto ameshaahidiwa kwamba ikija atarudishwa shuleni. Kwa hiyo mtu akiniambia ati namna ya kuonyesha namba kwenye kisanduku ni shauri la mafundi wa kompyuta peke yao, namwomba asimame kwenye foleni hiyo asikilize. Atasikia mazungumzo ya namna hii:

"Kijana wangu, umeandika ngapi?"

"Arobaini na sita, mama."

"Na ile pointi?"

"Hapa haionyeshi pointi, mama. Inaonyesha hivyo tu."

Hebu itazame sentensi hiyo ya mwisho. Karani hakusema "naonyesha". Kiambishi kimoja kidogo, hiyo *i-*, kimebeba mzigo wote: mashine ndiyo inayoonyesha, na mashine haina mama wala baba. Lakini mashine haionyeshi hivyo tu. Kuna mtu mahali fulani, pengine Nairobi, pengine alishahama kazi zamani, aliyeketi siku moja akaandika mistari mitatu minne ya msimbo akisema: namba hii nataka ionekane hivi. Ndiye ninayetaka kumzungumzia, pamoja na hiyo mistari yake mitatu minne.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda: katika programu za kompyuta ya mezani, hizi za Windows zinazoandikwa kwa Visual Basic au C#, kisanduku cha maandishi kinaweza kufungwa kwenye data. Mtunga programu hahitaji kukijaza kwa mkono. Anakiambia tu kwamba wewe ni wa safu ya uzito, rekodi ikibadilika na wewe badilika. Tangu Microsoft walipotoa mfumo wao wa .NET mwaka 2002, kila fundo la namna hii limepewa mabawabu wawili. Mmoja anaitwa Format, naye husimama thamani inapotoka kwenye data kwenda kwenye skrini. Wa pili anaitwa Parse, na kazi yake ni safari ya kurudi, pale mtu anapoandika kitu kwenye kisanduku na kitu hicho kikarejeshwa kwenye data. Mtunga programu anaweza kumwagiza kila bawabu afanye anavyotaka. Mfano uliomo katika mafunzo ya Microsoft wenyewe ni wa fedha: namba tupu inaingia kwa bawabu, inatoka ikiwa imevaa alama ya sarafu na mikato ya elfu. Ikirudi, inavuliwa.

Mavazi hayo si anasa. Ukiihifadhi 46.7 katika aina ya namba ambayo programu nyingi hutumia, ile ya biti 32, kompyuta haiwezi kuishika ilivyo. Inashika kitu kilicho karibu nayo sana: 46.70000076 na tarakimu nyingine zinazofuata. Umwonyeshe mama huyo namba hiyo? Atasema mashine imerogwa. Kwa hiyo bawabu anayekata mkia huo anafanya kazi ya heshima kabisa, na mimi sioni mtu wa kumlaumu kwa hilo.

Ila hapo tumeshakubali jambo zito bila kushtuka. Tumekubali kwamba hata kilichomo ndani si ukweli wenyewe. Wapo watu, hasa wale wa hifadhidata, wanaosema kwa kujiamini kwamba ukweli uko ndani na skrini ni pambo. Lakini ukweli gani? Majani yaliyochumwa na umande wa alfajiri ni mazito kuliko yale yale yakichumwa saa saba mchana. Gunia lenyewe lina uzito wake, unaotolewa. Jani likikaa kituoni likingoja lori, linakauka, na kilo zilizofika kiwandani si zile zilizopandishwa mizani. Namba iliyomo kwenye hifadhidata nayo ni umbo tu la kitu kilichokuwa ndani ya gunia asubuhi ile.

Basi uzito wa majani ni upi? Nadhani, kwa shughuli ya watu wawili wanaouziana, uzito ni ule walioukubali wakiwa wote wanauangalia. Kilo ya kituoni ni kipimo na pia ni neno lililosemwa mbele ya shahidi. Ndiyo maana mizani zamani ilikuwa na uso mkubwa wa duara uliotazama watu. Na ukifuata fikira hiyo, kisanduku cha skrini hakiwezi kuwa pambo tena. Kisanduku ndipo mahali mapatano yalipofanyika. Kilicho ndani ni kumbukumbu ya upande mmoja.

Sasa ona tatizo lilivyogeuka. Tuseme kiwanda hiki cha mfano (ni cha kubuni, simtupii mtu yeyote jiwe) ni chaminifu kabisa. Kinaonyesha kilo bila pointi kwa sababu skrini ni ndogo na karani ana haraka, lakini mwisho wa mwezi kinalipa kwa namba kamili za ndani. Mama ameleta mara tatu: 46.4, 38.4 na 51.4. Kwenye skrini na kwenye risiti ameona 46, 38 na 51. Akijumlisha kwa kalamu yake anapata 135. Taarifa ya mwezi inamwambia 136. Amelipwa zaidi ya alichokubali, naye hafurahi. Anaanza kuuliza: kama mwezi huu wamekosea kwa kuongeza, mwezi gani walikosea kwa kupunguza? Hana njia ya kujua. Kiwanda hakijamwibia hata jani moja, lakini kimemnyang'anya uwezo wa kukagua, na kwa mtu ambaye silaha yake pekee ni kujumlisha, huo si upungufu mdogo.

Mambo ya aina hii yameshawahi kutikisa serikali. Aprili 1992, katika jimbo la Schleswig-Holstein kaskazini mwa Ujerumani, ulifanyika uchaguzi wa bunge la jimbo. Sheria ilisema chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura hakipati viti kwa hesabu hiyo. Karatasi za matokeo zilionyesha chama cha Kijani kimepata 5.0 kamili. Watu wakaanza kugawa viti. Baadaye usiku ikagunduliwa kwamba namba halisi ilikuwa 4.97. Programu iliyochapisha jedwali ilikuwa imeagizwa kuonyesha desimali moja, basi, na 4.97 ikikaribishwa kwenye desimali moja ni 5.0. Viti vikagawanywa upya, na chama cha SPD kikapata wingi kwa kiti kimoja, 45 kati ya 89. Hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosea ni umbizo, yaani vazi tu. Lakini sheria ya watu ilikuwa imesimama juu ya vazi hilo, kwa kuwa ndilo lililoonekana.

Kisa kingine ni cha Kanada. Soko la hisa la Vancouver lilianzisha kipimo chake Januari 1982 kikiwa 1,000. Kila hisa ilipouzwa, kompyuta ilikokotoa kipimo upya na kukata tarakimu zilizozidi desimali tatu. Haikuzikaribisha kwenda juu wala chini, ilizikata tu. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma karibu 524, hali kilipaswa kusoma karibu 1,098. Nusu ya thamani ya soko ilikuwa imeliwa na vipande vidogo kuliko elfu moja ya pointi, kimoja kimoja, mchana kweupe, na hakuna aliyeiba. Hapa ukataji ulifanyika ndani kabisa, si kwenye skrini. Nakitaja kwa sababu ya neno moja: upande. Ukataji ulikwenda upande mmoja siku zote.

Nikirudi kituoni, upande ndio ninaouogopa kuliko udogo. Chukua kiwanda cha pili cha kubuni, kinachoonyesha kilo nzima na kulipa kwa kilo nzima, kila mara kwa kukata kwenda chini. Kwa wastani kila mpimo unapoteza nusu kilo. Mama anayeleta mara 100 kwa mwaka amepoteza kilo 50 za majani. Tuseme kilo ni shilingi 25, hiyo ni 1,250 kabla ya kufikiria bonasi. Na kwa kuwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyo tayari, kuna kama kilo 11 za chai zilizokwenda mnadani Mombasa bila jina la mtu.

Mtetezi wa kiwanda atanikatiza hapa: kiwanda ni cha nani? Na ana haki ya kuuliza. Mamlaka ya ustawi wa chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa 1964, na tangu 2000 ni kampuni inayosimamia viwanda ambavyo wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Kwa hiyo, mtetezi anasema, hizo kilo 50 hazijaenda popote. Zimebaki kiwandani, zimeuzwa, zimeingia kwenye bonasi. Umejikopesha mwenyewe, mama.

Hoja tamu, lakini ifuate mpaka mwisho. Nusu kilo hukatwa kwa kila mpimo, haijali mzigo ni mkubwa au mdogo. Mwenye robo ekari ambaye leo amechuma kilo 8 tu anapoteza zaidi ya asilimia 6 ya kazi yake. Mwenye gunia lililoshiba la kilo 80 anapoteza asilimia 0.6. Kisha bonasi inagawanywa kwa nini? Kwa kilo zilizoandikwa. Yaani vipande vilivyokatwa vinatoka kwa wote, ila vinatoka zaidi kwa mnyonge, na vinarudi kwa wote, ila vinarudi zaidi kwa mwenye nacho. Mistari mitatu ya msimbo imegeuka kodi, na ni kodi inayomkamua mdogo kumlisha mkubwa. Hakuna kikao kilichoipitisha, wala mkutano wa wenye hisa ulioinulia mikono. Aliyeiandika pengine hakujua kama ameandika kodi. Alitaka tu skrini ipendeze.

Na hata angetaka kutenda haki, zana zenyewe zingemchanganya. Katika .NET, ukiiomba kompyuta ikaribishe 2.5 kwenye namba nzima kwa Math.Round, inakupa 2. Ukiipa 3.5, inakupa 4. Utaratibu wake ni kwamba nusu kamili hukaribishwa kwenye namba shufwa, ili nyingine zipande na nyingine zishuke, na mwisho wa siku asiumie mtu mmoja tu. Ni utaratibu wa watu waliofikiria haki, hata kama mama wa kituoni angeuona ni mazingaombwe. Lakini katika matoleo ya zamani ya .NET, ukiacha hiyo na kuomba 2.5 iumbizwe kama maandishi yasiyo na desimali, unapata 3. Programu moja, mashine moja, namba moja, na sheria mbili za haki, moja ya kukokotoa na moja ya kuonyesha. Ukiwauliza watunga programu kumi kwa nini walichagua hii na si ile, naamini wengi watajibu kama karani: inafanya hivyo tu.

Mpaka hapa nimezungumzia pointi. Kuna jambo linaloniuma zaidi ya pointi, nalo ni tofauti kati ya sufuri na tupu.

Hifadhidata inajua kutofautisha "hakuna majani yaliyoletwa" na "sina habari". La kwanza ni sufuri. La pili ni pengo, ambalo watunga programu huliita null, nami nitaliita tupu. Tupu haisemi chochote kuhusu dunia, inasema tu kwamba sisi hatujui. Lakini kisanduku hakipendi kukaa wazi, na meneja hapendi jedwali lenye matundu. Basi mtunga programu anamwagiza bawabu wa kwanza: ukikuta tupu, onyesha 0.0. Kuna hata sehemu maalumu ya kuandika agizo hilo, huhitaji ujuzi wowote. Jedwali linajaa na kunyooka.

Sasa fikiria tarehe 14. Kifaa cha karani kilizimika betri baada ya watu kumi, au data haikufika kiwandani, au faili liliharibika njiani. Majani yalipandishwa lorini, yakakaushwa, yakasagwa. Kumbukumbu ya uzito haipo. Mwisho wa mwezi taarifa inasema: tarehe 14, kilo 0.0. Mama anakwenda ofisini.

"Tarehe 14 nilileta. Nilikuwa na wachumaji wawili, nimeshawalipa."

"Kogo, mfumo unaonyesha tarehe 14 hukuleta."

Mfumo hauonyeshi hivyo! Mfumo hauna habari na tarehe 14. Lakini kijana wa ofisini hawezi kujua, kwa kuwa anaangalia sufuri, na sufuri ni neno la shahidi aliyekuwepo akaona hakuna kitu. Tupu ingemfanya aseme "hebu ngoja tuangalie". Sufuri imemfanya amwite nyanya wa watu mwongo, kwa adabu zote, huku akimwita kogo. Kutokujua kwa kiwanda kumegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mkulima, na kilichofanya ugeuzi huo ni agizo moja kwenye umbizo. Nikiulizwa ni wapi hasa umbizo linavuka mstari kutoka heshima kwenda dhuluma, hapa sina wasiwasi. Kumvalisha mtu ujinga wako kama kosa lake ni dhuluma, hata ukifanya hivyo kwa fonti nzuri.

Majina nayo yana yake, ingawa nitayapita upesi. Mtu anaitwa Ng'eno. Ile ritifaa si doa, inatofautisha sauti, kama kila msomaji wa Kiswahili anavyojua kwamba ng'ombe si ngombe. Lakini katika lugha ya kuuliza hifadhidata ritifaa ndiyo alama ya kufunga maandishi, na programu iliyoandikwa kivivu hukwama hapo. Mtunga programu mvivu anamaliza tatizo kwa kumwagiza bawabu aing'oe. Ngeno. Vivyo hivyo "arap", yaani mwana wa, huandikwa kwa herufi ndogo, kama katika jina la Daniel arap Moi, mpaka ikutane na msimbo unaokuza kila herufi ya kwanza ya neno. Kisha siku moja jina la kadi na jina la kitambulisho halifanani, na mtu anaambiwa arudi kesho na barua ya chifu.

Hata hivyo sitaki kuonekana napinga umbizo. Ningekuwa mnafiki, kwa kuwa naandika kwa Kiswahili, na Kiswahili ni lugha yenye mabawabu kila mlango. Saa ya ukutani inasoma 07:15, sisi tunasema saa moja na robo. Hakuna anayeona kwamba amedanganywa saa sita nzima, kwa sababu wote tunajua njia ya kwenda na njia ya kurudi. Na salamu je? Mtu amelala macho, ng'ombe anaumwa, karo haijalipwa. Unamuuliza "habari za nyumbani?" Anajibu "nzuri". Mgeni anaweza kudhani sisi ni taifa la waongo wapole. Lakini ngoja kidogo. "Nzuri, *ila* mtoto hajaamka vizuri." Ile *ila* ndiyo siri ya utaratibu wote. Nzuri ni umbizo: inampa msikilizaji kitu anachoweza kupokea mlangoni akiwa amesimama. Ila inamwambia kwamba chini kuna thamani nyingine, na kama una nafasi ya kuisikia, karibu uketi. Salamu isiyo na uwezekano wa *ila*, ile unayopewa na mtu anayekupita mbio, tunaijua ilivyo baridi.

Huo ndio mpaka ninaoweza kuutetea. Namba ina ruhusa ya kuvaa, ikiwa mtazamaji anajua kwamba imevaa, na ikiwa ana njia ya kuuliza ya chini yake. Schleswig-Holstein walikosa la kwanza: hakuna aliyejua kwamba 5.0 ni vazi. Mama wa kituoni anakosa la pili: anajua vizuri kabisa kuna pointi, ndiyo maana ameuliza, lakini hakuna kitufe cha kubonyeza, wala karani hana uwezo wa kukifungua kisanduku.

Kuna sharti la tatu, na hili linamhusu bawabu wa safari ya kurudi. Kisanduku kinaonyesha 46, ndani ni 46.7. Karani, kwa wasiwasi tu, anafuta na kuandika upya 46 ile ile. Bawabu wa Parse, kama hakupewa agizo la busara, anaichukua 46 na kuipeleka ndani. Kuanzia dakika hiyo 46.7 haipo tena duniani. Umbizo lililokuwa vazi limekuwa mwili. Hakuna ukaguzi utakaolifichua, kwa sababu ndani na nje sasa vinakubaliana. Binafsi naona hilo ni baya kuliko uongo wa kawaida. Mwongo angalau anaujua ukweli, na ukimbana anaweza kuukiri. Hapa hakuna aliyebaki anayeujua, isipokuwa aliyebeba gunia, na ushahidi wake hauna kisanduku.

Watu wa kazi wataniambia nimekaa mbali na foleni. Mvua inakuja, lori linapiga honi, watu 60 wanangoja, na mimi nataka karani asome desimali mbili mbili? Nakubali, hilo si jambo dogo. Kila tarakimu ina gharama ya macho na ya muda, na karani anayesoma vibaya kwa haraka anaweza kumdhulumu mtu zaidi ya umbizo lolote. Karani pia ni mtoto wa hapo hapo, kanisani wanakutana, na ndiye anayetukanwa kwa maamuzi asiyoyafanya. Mtunga programu hatukanwi na mtu. Anakaa kwenye jengo lenye lifti na hajui kama gunia la mwisho la jioni lina kilo 8. Ndiyo maana naona mzigo ni wake kuliko wa karani. Yeye pekee ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufikiri bila honi ya lori masikioni.

Na wanyonge wenyewe walishamwonyesha njia. Wakulima wengi wana daftari lao la kilo, la mtoto aliyemaliza darasa, lililobaki kurasa. Mtu akitoka kituoni akiwa hana hakika na pointi, huwa hasemi arobaini na sita, kwa kuwa anajua ilizidi. Hasemi arobaini na saba, kwa kuwa hana ushahidi. Anasema arobaini na sita na kidogo. Sijaona umbizo bora kuliko hilo. Linakubali kwamba limekata, linaonyesha limekata upande gani, na linaacha mlango wazi kwa mwenye kutaka kujua kidogo ni ngapi.

Kuliandika kwenye msimbo si kazi ya siku nzima. Bawabu wa kwanza anailinganisha thamani ya ndani na maandishi anayokaribia kuyatoa. Kama hayalingani, anaweka alama ndogo ya kujumlisha pembeni: 46+. Kama ndani ni tupu, anaandika "haijulikani", hata kama neno ni refu na jedwali litapinda. Bawabu wa pili anakataa kuandika chochote ndani ikiwa kilichorudi ni kile kile kilichotoka. Halafu karani, mvua au jua, anasoma: "Arobaini na sita na kidogo, mama." Mama anaweza kusema sawa, akaenda zake. Au anaweza kusema, "Kidogo ngapi?", na karani akabonyeza kitufe, na watu 60 walio nyuma yake wakanyamaza kidogo kusikiliza, kwa sababu kila mmoja ana gunia lake na lake lina pointi.